Sura ya Tano: Kusomea Dola Mlimani

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walivaa majoho, wakaungana na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, wakaandamana hadi Ikulu. Walikuwa wakipinga mpango mpya wa kuwalazimisha wasomi kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, huku sehemu kubwa ya mshahara wao ikibaki serikalini. Bango moja lilisema afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa ghadhabu. Alitangaza papo hapo kwamba mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20. Wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa wakarudishwa makwao, na wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Kijana anayetaka kusomea sayansi ya siasa na utawala aanzie hapo, kabla hajafungua kitabu cha Plato. Maswali makubwa ya somo hili yalikuwa yamesimama mbele ya Ikulu siku ile. Msomi anadaiwa nini na wakulima ambao kodi yao ndiyo iliyomsomesha? Serikali iliyochaguliwa na watu ina haki ya kuamuru mpaka wapi? Mtu akiipinga amri anayoiona si ya haki, aipinge kwa njia gani, na akubali kulipa gharama gani? Vijana wale walikuwa na hoja kuhusu mishahara, na Mwalimu alikuwa na hoja kuhusu deni. Mpaka leo ukiliweka suala hilo mbele ya darasa, wanafunzi watagawanyika, na mwalimu makini atawaacha wabishane.

Chuo chenyewe kilikuwa bado kichanga. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiotimia 20. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikapanda Mlimani, na Julai 1970 kikasimama peke yake kama chuo kikuu cha taifa, Nyerere akiwa mkuu wake. Ina maana kwamba taasisi ya kuichunguza dola ilizaliwa chumbani mwa chama tawala, ikalelewa kwa fedha za dola, na mkuu wake akawa ni mkuu wa nchi. Uhusiano huo haujawahi kuwa mwepesi, wala haupaswi kuwa mwepesi.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, Mlimani hapakulala. Mwezi uliofuata uliitishwa mkutano chuoni hapo kujadili swali moja: chuo kikuu katika nchi ya kijamaa kifundishe nini? Mjadala huo ulizaa kozi ya pamoja kwa wanafunzi wote, ambayo baadaye ilipata makao yake katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Mhandisi, daktari na mwalimu wa hesabu wote walipaswa kukaa na kujiuliza kwa nini nchi yao ni maskini. Kwangu hilo ni miongoni mwa maamuzi bora ya elimu yaliyowahi kufanywa nchini. Siasa ilitoka mikononi mwa waliochagua kuisomea, ikawa mali ya kila msomi.

Mwaka huo huo wanafunzi waliunda USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda aliyekuja kusomea uchumi na sayansi ya siasa, Yoweri Museveni. Walikuwa na jarida lao, Cheche. Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa akifundisha historia hapo, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, kikichapishwa London na Dar es Salaam. Nathan Shamuyarira, mpigania uhuru wa Zimbabwe ambaye baadaye angekuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake, alifundisha sayansi ya siasa. Mjini palikuwa na ofisi za FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO aliyekuwa pia msomi wa chuo kikuu, aliuawa kwa bomu humo humo Dar es Salaam Februari 1969. Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa wa enzi hizo hakuhitaji kuelezwa kwamba mambo ya nchi jirani yanamhusu.

Septemba 1970 Cheche ilichapisha toleo maalumu lenye andiko refu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya Tanzania. Hoja yake ilikuwa nzito: kutaifisha benki na viwanda hakutoshi, kwa sababu warasimu wanaozisimamia mali hizo wanaweza kugeuka tabaka jipya la wanyonyaji. Alilisema hilo ndani ya nchi iliyojitangaza ya kijamaa, miaka mitatu tu baada ya Azimio. Novemba mwaka huo USARF na Cheche vyote vilipigwa marufuku. Mjadala wenyewe haukufa. Mahmood Mamdani, Yash Tandon na wengine wengi waliingia ulingoni, na mwaka 1982 mabishano yao yalikusanywa katika kitabu ambacho wanafunzi wa siasa barani bado wanakisoma.

Enzi hiyo husifiwa sana, nami naisifu. Ila ilikuwa na udhaifu ambao mwanafunzi wa leo ni lazima auone. Mara nyingi jibu lilipatikana kitabuni kabla swali halijaulizwa kijijini. Mkulima wa Rufiji au Ismani alitajwa kila mahali kama mfano wa tabaka lake, lakini ni nadra kumsikia akizungumza. Walioumizwa na operesheni za vijiji katikati ya miaka ya 1970 walikuwa na mengi ya kuieleza nadharia, kama nadharia ingekwenda kuwauliza.

Na kuuliza kulikuwa kumeshaanza mapema, hapo hapo Mlimani. Mwaka 1965 Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya chama kimoja. Utaratibu wake ulikuwa mgeni duniani: chama kilisimamisha wagombea wawili wa TANU katika jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Walipanda jukwaa moja, wakazungumza kwa Kiswahili, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini. Watu wengi wa nje waliubeza kuwa mchezo wa kuigiza, na watu wengi wa ndani waliusifu bila kuuchunguza. Wasomi wa chuo walishika njia ya tatu. Walitawanyika majimboni, wakafuatilia kampeni, wakahoji watu, wakachambua kura, na matokeo ya kazi yao yakahaririwa na Lionel Cliffe katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Waliyoyakuta yaliwapa tabu wabezaji na wasifiaji vilevile. Wananchi walimwangusha Paul Bomani, waziri wa fedha, mtu aliyejenga vyama vya ushirika wa pamba huko Usukuma, pamoja na vigogo wengine. Bunge lilibadilika sura. Lakini wakati huo huo hakuna mpiga kura aliyeweza kuchagua sera nyingine, kwa kuwa sera ilikuwa moja.

Hapo pana somo zima la sayansi ya siasa. Je, uchaguzi ule ulikuwa wa kidemokrasia? Anayejibu ndiyo au hapana kwa haraka hajasoma. Ni lazima kwanza useme unapima nini: uwezo wa kumwondoa kiongozi, au uwezo wa kubadili mwelekeo wa nchi? Ni lazima uulize majina yalichujwa vipi kabla ya kumfikia mpiga kura. Ni lazima uwe na ujasiri wa kushangaa: mkulima aliyeona jembe kwenye karatasi, alimpigia kura mtu au alilipigia jembe? Idara ya sayansi ya siasa iliendelea na desturi ya kuchunguza chaguzi kwa miongo iliyofuata, na mwaka 1992 ikaanzisha REDET, mradi wa utafiti na elimu ya demokrasia. Kama kuna urithi mmoja wa Mlimani ambao kila chuo chenye somo hili kingepaswa kuuiga, ni huu wa kwenda kuangalia.

Si jambo geni katika fani. Aristotle anasifiwa kama baba wa somo, na wengi huyakumbuka maneno yake kuhusu binadamu na dola. Lakini kabla ya kuhukumu, yeye na wanafunzi wake walikusanya katiba za madola 158. Zote zimepotea isipokuwa ile ya Athens, iliyopatikana katika mafunjo ya Misri mwishoni mwa karne ya 19. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddimah yake mwaka 1377, alikuwa amewatumikia watawala kadhaa wa Afrika Kaskazini na kuonja jela yao. Aliposema kwamba koo hupanda madarakani kwa mshikamano wao na huporomoka kwa anasa, alikuwa ameona kwa macho yake. Nasi tunaye Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kitabu cha 1951, Karama anafikishwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kufundisha sheria. Aliyeandika hayo alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na aliyajua mabaraza kwa ndani. Natamani kitabu hicho kisomwe katika semina ya nadharia ya siasa bega kwa bega na Plato, maana kinauliza swali lile lile: nchi inamfanya nini mtu anayetaka haki iwe na kanuni?

Mwanafunzi anayefika chuoni leo na mchepuo wake wa HGL au HGK (historia, jiografia na Kiingereza au Kiswahili) hukuta somo limegawanyika katika matawi. Kuna nadharia ya siasa, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, na utawala wa umma, ambako ndiko kwenye bajeti, utumishi na serikali za mitaa. Shahada inachukua miaka mitatu. Matawi hayo hayahitaji maelezo marefu. Linalohitaji maelezo ni namna yanavyosomwa.

Madarasa ya mwaka wa kwanza yanajaa mpaka ngazini. Mhadhiri hawezi kumjua kila mmoja kwa jina, sembuse kusahihisha insha ya kila wiki. Wanafunzi nao wanabuni njia zao. Yako madesa yanayorithiwa kutoka mwaka hadi mwaka, yako maswali ya mitihani iliyopita, yapo makundi ya asainimenti ambamo wawili wanaandika na wanane wanaweka majina. Lengo ni kukwepa sapu, yaani mtihani wa marudio, na kutodisko, yaani kutoondolewa chuoni kwa kufeli. Siwalaumu vijana peke yao. Mtu anayesubiri bumu la Bodi ya Mikopo ili ale, na ambaye kitabu kinachotajwa na mhadhiri kipo nakala mbili maktaba, atatafuta njia fupi. Lakini katika somo hili njia fupi ina madhara ya pekee. Anayekariri ufafanuzi wa uwajibikaji bila kuwahi kusoma ripoti hata moja ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) amejifunza kulitamka neno tu. Kesho atapewa ofisi, na atalitamka mbele ya wananchi bila kulitenda.

Kuna swali moja ambalo nalipenda kuliko yote kwa kupimia kama mwanafunzi ameanza kufikiri kisiasa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kama Tanzania ibaki na chama kimoja au iruhusu vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi miongoni mwao walidai marekebisho. Tume ikapendekeza vyama vingi. Serikali na chama tawala, CCM, wakakubali, Katiba ikabadilishwa, na Julai 1992 sheria mpya ya vyama ikaanza kazi. Je, tume iliwasaliti wengi au iliwalinda wachache? Na hao walio wengi, waliulizwa wapi, na nani, na mbele ya nani? Mtu aliyeishi maisha yake yote chini ya chama kimoja, akiulizwa kwenye mkutano wa hadhara mwenyekiti wa tawi akiwa amekaa mbele, jibu lake lina uzito gani? Nimesikia majibu ya kila namna. Yaliyo mazuri yote huanza kwa kuhoji jinsi maoni yalivyokusanywa, ndipo yakafika kwenye haki.

Mlimani si njia pekee. Mzumbe, Morogoro, ilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafunza machifu na watumishi wa serikali za wenyeji, na mpaka leo nguvu yake iko katika utawala: mafaili, bajeti, usimamizi wa watu. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961 ng'ambo ya bandari ili kuwaandaa makada, na sasa ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina bahati ya kuwa katika mji wa Bunge. Kimoja hufunza kuitumikia dola, kingine hufunza itikadi yake, kingine huichunguza. Nchi inavihitaji vyote, lakini mwanafunzi ajue amejiandikisha wapi, asije akadhani kwamba kuitetea serikali na kuielewa ni kazi moja.

Wazazi wengi huuliza kama kijana atatoka na ubunge. Tazameni waliotuongoza. Nyerere alisoma Makerere na Edinburgh. Mwinyi alikuwa mwalimu. Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, Kikwete uchumi Mlimani, Magufuli kemia. Aliyesomea utawala wa umma ni Samia Suluhu Hassan, aliyepita Mzumbe. Madaraka hayana darasa lake maalumu. Wahitimu wa siasa wengi zaidi utawakuta kwenye ofisi za halmashauri, tarafani, kwenye vyumba vya habari, katika asasi za kiraia na balozini, na wapo wasiopata ajira kwa miaka. Mzazi aelezwe hilo waziwazi kabla ya kulipa ada. Aelezwe pia kwamba mtendaji wa kata anayejua sheria iliyompa cheo chake, na mipaka ya cheo hicho, ni hazina kwa watu wake.

Jambo la lugha linaniumiza zaidi. Bunge letu hujadili kwa Kiswahili, na Hansadi huandikwa kwa Kiswahili. Mkutano wa kijiji, kampeni, baraza la madiwani, vyote ni Kiswahili. Mtihani wa siasa ni Kiingereza. Kwa hiyo kijana anayeyajua malumbano ya madiwani wa kwao neno kwa neno anashindwa kuyaleta darasani, na akirudi kwao na shahada anashindwa kuwaeleza wazee kile alichosoma. Idara ya Kiswahili, hapo hapo chuoni, imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili kwa miongo kadhaa bila taaluma kushuka. Tasnifu kuhusu serikali ya kijiji iruhusiwe kuandikwa kwa lugha ya kijiji. Kiingereza kibaki kwa ajili ya kusoma ulimwengu, na kifundishwe vizuri kuliko sasa. Lakini elimu ya dola isiyoweza kusomwa na raia wa dola hiyo ina kasoro kubwa.

Na kijiji chenyewe ni maabara ambayo nchi nyingi hazinayo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi kiti katika mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hata ugawaji wa ardhi ya kijiji unahitaji ridhaa ya mkutano huo. Wanafalsafa wa Ulaya waliwaza sana juu ya raia wote kukusanyika na kujiamulia mambo yao. Hapa tumeiandika ndoto hiyo kuwa sheria. Inatendeka kweli? Katika vijiji vingapi, na kwa nini pale na si hapa? Nani anakaa mbele na nani anakaa nyuma? Wanawake wangapi wanasimama kusema, na wakisema kinaandikwa kwenye muhtasari? Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa, au inatajwa tu kwamba ipo? Watu wanapiga makofi kwa kukubali, au kwa sababu jua limewachosha?

Wanafunzi wa siasa wa Tanzania wanatoka katika maelfu ya vijiji na mitaa. Kila likizo wanatawanyika nchi nzima kwa nauli yao wenyewe. Kama kila mmoja angehudhuria mkutano mmoja, akaandika kurasa tano za alichokiona kwa macho yake, kwa tarehe na kwa idadi, tungekuwa na picha ya utawala wa nchi hii ambayo hakuna mradi wa wafadhili unaoweza kuilipia. Wahadhiri, wapeni kazi hiyo kabla ya mtihani wa kwanza, na ihesabiwe katika alama. Nawe kijana uliyechaguliwa kusomea siasa mwaka huu, usisubiri kutumwa. Uliza mkutano wa kwenu ni lini, nenda na daftari, na ukifika wakati wa maswali, simama uombe taarifa ya mapato na matumizi isomwe.